Mashine Iliyogawa Hadi Sufuria ya Mwisho

Kacha, kacha, kacha.

Adhana ya alfajiri ilikuwa bado, na jikoni kwa Bi Kulthum kifuniko kilikuwa kikichezacheza juu ya makaa. Si kifuniko cha sufuria. Kilikuwa cha kopo la maziwa ya unga, lile kubwa, alilolitoboa matundu mawili kwa msumari na kulitia mkono wa waya. Humo ndimo ilimochemka chai ya nyumba kwa wiki ya pili sasa. Ilikuwa na ladha ya bati, ladha ambayo Bi Kulthum alikwisha kuapa kwamba haipo.

Mumewe, Mzee Mwinyihaji, alikuwa amekaa kwenye kibao na kofia yake ya kudarizi mapajani.

"Leo chai ina msumari mmoja au miwili?" aliuliza.

"Kunywa, mume wangu. Chuma huongeza damu."

"Nyumba ya Jomvu hii, tangu enzi za mababu. Mke ana sufuria saba, mume anywa ya kopo kama mahabusu."

"Sufuria zipo."

"Wapi?"

"Zimeazimwa," alisema Bi Kulthum, akajifanya anapuliza makaa.

Bi Kulthum alikuwa na ugonjwa mmoja tu mwilini, nao ni kwamba hakuweza kusema la. Mtu akimjia mlangoni na salamu nzuri, akamwuliza hali na habari za wajukuu, basi akitakacho amekipata. Angeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini alipenda kuongeza: "Kaa nayo, mwanangu. Ihesabu ni yako mpaka shughuli yako iishe, wala usimpe mtu." Maneno haya aliyaona matamu sana yakimtoka, na alikuwa ameyasema mpaka sufuria zote saba zikaondoka.

Asubuhi hiyo, hata hivyo, sufuria hazikuwa moyoni mwake. Moyoni mwake alikuwamo Nguma, msafishaji wa kazini kwake.

Bi Kulthum alifanya kazi Changamwe, katika kampuni moja ya maghala ambayo madirisha yake ya nyuma yalitazama winchi za bandari ya Kipevu. Mwaka ulikuwa 1989, naye alikuwa na miaka hamsini na minne, wajukuu wanne, na mwaka mmoja tu kabla ya kustaafu. Alianza pale kwa kupiga chapa, akahamia kutoboa kadi za kulishia mashine, na kampuni ilipoleta kompyuta kubwa, makabati matatu yaliyosimama bega kwa bega katika chumba chenye baridi, alitafutwa mtu asiyekosea herufi. Wakampeleka Nairobi wiki tatu kusomeshwa. Wiki ya kwanza aliona baridi. Ya pili aliona baridi na kuandika. Ya tatu alianza kuelewa, na ya nne haikuwapo.

Alirudi akiitwa Bibi Kompyuta. Alisema jina hilo halipendi, na kila aliyemwita hivyo alimpa hamri.

Ile kompyuta ilikuwa moja, lakini ilijigawa ikajifanya nne. Ofisi ya orodha za meli ilikuwa na mashine yake, bohari na yake, mishahara na yake, malori na yake, na kila ofisi iliamini iko peke yake. Kumbe mashine zile nne hazikuwa na mwili. Zote zilikaa ndani ya ile kubwa, nayo ndiyo iliyozilisha. Bi Kulthum alimweleza mumewe kwamba ni kama mwanamume aliyeweka wake wanne nyumba moja, kila mmoja akamwambia: ni wewe tu.

"Basi wa kufa kwanza ni huyo mwanamume," alisema Mzee Mwinyihaji.

Na wallahi alisema kweli, maana wiki mbili sasa ile mashine kubwa ilikuwa ikianguka. Si kuanguka chini. Ilikuwa ikizima roho. Watu wako kazini, mara skrini zinaganda ofisi zote nne, printa inakatika katikati ya neno, malori yanapanga foleni hadi barabarani na madereva wanaanza kutukana. Ikawa hivyo Jumatatu, ikawa Alhamisi, ikawa tena Jumanne. Na kila mara saa ilikuwa ile ile, saa nne na dakika chache, mara tu baada ya watu kurudi kutoka kunywa chai.

Meneja, Bwana Stambuli, alimwita ofisini baada ya mara ya tatu.

"Bi Kulthum, saa nne nani huwa ndani ya chumba cha mashine?"

"Nguma," alijibu.

Alijibu upesi, kama mtoto wa chuoni anayejua jibu. Na lilikuwa jibu la kweli. Nguma ndiye aliyesafisha chumba wakati wa chai, kwa ndoo na ile mashine ya kupigia polishi sakafu, inayovuma kama nyuki. Ambalo Bi Kulthum hakulisema ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba Nguma aache kusafisha asubuhi, kwa sababu vumbi lilimpigisha chafya. Alitaka kulisema. Lilifika ulimini likakaa pale kama punje ya pilipili, na Bwana Stambuli akawa amekwisha kuinua simu.

Siku hiyo hiyo Nguma aliambiwa aende nyumbani angoje. Mtaalamu angekuja kutoka Nairobi Alhamisi, na akithibitisha kwamba maji au ule mtetemeko wa mashine ya polishi ndio ulioharibu kompyuta, barua ya kufukuzwa itakuwa mezani. Nguma hakubisha. Alikunja tambara lake mara nne, akaliweka juu ya ndoo, akasema, "Kwaheri ya kuonana, Bibi."

Huyu Nguma! Mtu aliyevua viatu kabla ya kuingia chumba cha mashine kama anaingia msikitini. Kiti cha Bi Kulthum kilipoletwa kikiwa kirefu, miguu yake ikining'inia kama ya mtoto, Nguma hakumcheka. Alikuja Jumamosi yake ya mapumziko na msumeno, akakata miguu minne ya kiti kwa kipimo kimoja, akaipiga msasa, akaondoka bila kumwambia mtu. Bi Kulthum alikikalia kiti hicho kila siku. Tangu Jumanne kilikuwa kinamchoma.

Alhamisi hiyo, ile asubuhi ya chai ya kopo, mtaalamu alifika saa mbili na nusu. Alikuwa kijana wa bara, jina lake Dishon, ana mkoba mzito na tai iliyokwisha kushindwa na joto la Mombasa.

"Shikamoo Mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umesafiri salama? Umekula?"

"Nimekula, Mama. Hii mashine ndiyo ilianguka?"

"Ndiyo hii. Leo imeamka vizuri. Ni hodari wa kuamka, kasoro yake ni kukesha."

Dishon akacheka, na Bi Kulthum akampenda. Walianza kwa umeme. Alipima waya, akapima plagi, akafungua makabati akamulika ndani kwa tochi. Akaagiza mashine ya polishi iletwe, akaiwasha mwenyewe, akaizungusha chumba kizima huku tai ikimruka begani. Kompyuta haikujali. Akamwaga maji kidogo sakafuni. Haikujali.

"Umeona?" alisema Bi Kulthum. "Si Nguma."

Bwana Stambuli, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatikisa kichwa. "Leo haikujali kwa sababu madhara yalishafanyika. Kitu kikishalegea, kimelegea."

Kengele ya chai ikalia. Watu wakatoka, watu wakarudi. Saa nne na dakika saba, printa ikaandika *MAKONTENA MATA*, ikanyamaza.

Nguma alikuwa kwao Chaani, wala ndoo haikuwamo chumbani, na mashine imeanguka. Bi Kulthum alimgeukia Bwana Stambuli kwa furaha ambayo haikumstahili mlinzi wa mashine iliyokufa.

"Nimesema, kimelegea," alisema Bwana Stambuli.

Dishon alisogea kwenye kibodi. Aliiamuru kompyuta itapike yaliyokuwa ndani yake wakati wa kufa, na printa ikafanya kazi robo saa, karatasi juu ya karatasi, bunda nene kama mto wa kulalia. Akakaa sakafuni kulisoma. Baada ya kitambo aligonga mstari mmoja kwa kalamu.

"Hapa. Mashine kubwa ilitafuta nafasi kwa kazi yake yenyewe, haikupata hata ukurasa mmoja. Imekosa memori."

Bi Kulthum alilijua neno memori. Ndiyo nafasi ya kompyuta kutandazia kazi, kama msusi wa mkeka anavyotaka sakafu ya kutandazia ukili. Ile yao ilikuwa na megabaiti kumi na sita. Nafasi hiyo haikutosha ofisi nne kwa pamoja, lakini mashine kubwa ilikuwa na hekima. Ofisi moja ikipumzika, vitu vyake huwekwa pembeni kwenye diski na nafasi hupewa mwenye kazi. Akirudi, anarudishiwa. Ndivyo ilivyoishi miaka mitatu bila kelele.

"Inakosaje, na kumi na sita zote zipo?" aliuliza.

"Labda hazipo zote. Labda kibao kimoja cha memori kimekufa." Dishon alijikuna shingo. "Kinaweza kufa kwa mtetemeko. Sipendi kusema hivyo, Mama, lakini ndiyo sababu iliyo karibu. Nikikosa nyingine, hiyo ndiyo nitaandika saa tisa."

Bwana Stambuli akaenda kuandikisha barua.

Mtu mwingine angekaa afikiri. Bi Kulthum alifanya alilolijua. "Mchana utakula wapi?" alimwuliza Dishon.

"Nitaona hoteli, Mama."

"Hoteli! Utoke Nairobi uje unitengenezee mashine, ule hoteli? Kwangu ni hapo Jomvu. Utakula wali wa nazi na samaki wa kupaka."

Pikapu ya kampuni ilikuwa imefika nusu ya njia ndipo alipokumbuka kwamba samaki wa kupaka hapikwi ndani ya kopo.

Walipofika alimwacha mgeni barazani na Mzee Mwinyihaji, akapita uani mbio, kwa mbio za miaka hamsini na minne, hadi kwa jirani yake Mwanarehema. Mwanarehema alikuwa amechukua tatu kati ya zile sufuria saba, kwa ajili ya maulidi ya Jumapili. Bi Kulthum alizikuta jikoni zimepangwa moja ndani ya nyingine, zimesuguliwa kwa mchanga zinang'aa, tupu.

"Mwanarehema, nimepata mgeni. Nipe moja mpaka jioni."

Mwanarehema akashika kiuno. "Ah, Bibi. Hizi si za kutoka."

"Mbona zi tupu?"

"Tupu, ndiyo. Lakini si ulisema nizihesabu ni zangu mpaka shughuli iishe, wala nisimpe mtu? Jana kaja Mastura nimemkatalia. Juzi kaja Salme nimemkatalia."

"Mimi ndiye mwenye sufuria!"

"Hukusema 'isipokuwa mimi,'" alisema Mwanarehema, akaangua kicheko, na huku anacheka akazichomoa sufuria, akachagua iliyo nzuri zaidi. "Shika, Bibi, nakutania. Nikusaidie kukuna nazi?"

Lakini Bi Kulthum hakuishika. Alikuwa amesimama anazitazama zile sufuria tupu kama mtu aliyeona jina lake limeandikwa juu yake. Kisha akakaa chini, juu ya mbuzi ya nazi ya watu, akajipiga paji la uso.

"Yallah! Nimeifanya vile vile. Mashine nimeifanya vile vile!"

"Mashine gani, Bibi? Una homa?"

"Sina homa, mwanangu. Sina akili."

Maana alikumbuka. Tangu mwanzo wa mwaka wakubwa wa ofisi walimjia mmoja mmoja mlangoni, kila mmoja na salamu nzuri. Bibi Kompyuta, mashine yetu ina uzito. Bibi Kompyuta, tufanyie mpango. Na katika kitabu cha maelekezo ya mashine mlikuwa na amri moja ya kuifungia ofisi sehemu ya memori iwe yake hasa. Ofisi ikishaijaza sehemu hiyo asubuhi, basi imekaa nayo, hata ikienda kunywa chai, na mashine kubwa hairuhusiwi kuigusa. Hakumrudisha mtu mikono mitupu. Wa kwanza alimfungia, wa pili alimfungia, wa tatu alimfungia. Na wa malori, wa mwisho, alimfungia lini? Wiki mbili zilizopita, siku ya Ijumaa. Jumatatu yake mashine ikaanguka.

Aliporudi barazani, mgeni alikuwa amekwisha kulishwa. Mzee Mwinyihaji alimvunjia mkate wa mofa, akammiminia chai ya kopo.

"Chai tamu, Mama," alisema Dishon, na Mungu amlipe kheri kwa uongo ule.

"Inuka, mwanangu. Wali utakula siku nyingine. Kuna daftari langu nataka ulitazame."

Wakarudi kazini, kwenye chumba cha mashine. Daftari lilikuwa la shule, limefunikwa kwa karatasi ya kalenda ili lisichafuke. Bi Kulthum aliandika humo kila amri aliyoipa kompyuta, kwa hati nzuri, na pembeni aliandika sababu. Dishon akafuata kwa kidole.

Meli, megabaiti nne. *Amekuja kwa adabu.* Bohari, nne. *Mtu mzima, si vizuri kumkatalia.* Mishahara, nne. *Si haki wenziwe wapate yeye akose.* Malori, nne. *Amekuja mara tatu, maskini, na mkewe amejifungua.*

"Nne, nane, kumi na mbili, kumi na sita," alisema Dishon polepole. "Na mashine iko na kumi na sita. Mama, mashine yenyewe ulibakisha ngapi?"

"Hakuna aliyekuja kuiombea."

Dishon aliweka daftari usoni. Mabega yakaanza kumtikisika. Bi Kulthum alimngoja, kisha kicheko kikamshika na yeye, wakacheka hadi Dishon akalegeza tai akajifuta macho nayo.

"Lakini mbona asubuhi haianguki?" aliuliza alipopata pumzi.

Hilo Bi Kulthum alikuwa nalo tayari, amelipanga tangu ndani ya pikapu. "Asubuhi wanakuja mafungu mafungu. Wa malori saa kumi na mbili, wa mishahara saa mbili, wa bohari baada ya kuhesabu shehena. Kila mmoja anajaza sehemu yake kidogo kidogo, na mashine kubwa inajibanza na kilichosalia. Halafu kengele ya chai. Wote wanatoka pamoja, wote wanarudi pamoja. Dakika tano wote wanne wanaijaza mpaka kwenye ukingo. Yule anayewapakulia hana hata pa kuweka mwiko. Siku ambayo mmoja amechelewa kurudi, inaponea hapo."

Dishon aliutazama mlango. Halafu akashusha sauti.

"Mama, sikiliza. Mzee ameniambia umebakisha mwaka mmoja ustaafu. Tunaweza kufuta hizi amri sasa hivi, mimi na wewe. Mimi naandika mashine ilikuwa na hitilafu, imetengenezwa. Hakuna mtu atauliza."

Ilikuwa fadhila, na Bi Kulthum aliiona kuwa fadhila. Aliikubali pia, moyoni mwake, kwa kiasi cha mtu kusoma Fatiha. Aliona keki ya kustaafu, aliona hotuba, aliona Bibi Kompyuta akipewa saa ya ukutani. Kisha akaona ile hitilafu isiyo na mwenyewe ikitafuta mwenyewe, na tambara lililokunjwa mara nne juu ya ndoo.

"Jina la Nguma nililitaja kwa sauti," alisema. "Siwezi kulifuta kimya kimya."

Saa tisa Bwana Stambuli alikuja na barua mkononi, imepigwa chapa, bado sahihi. Bi Kulthum alisimama. Alikuwa ameyapanga maneno vizuri, na yote yakamkimbia.

"Bwana Stambuli, mashine nimeiua mimi."

"Nini?"

"Kwa kugawa. Nimewagawia wote wanne mpaka nikaisahau yenyewe. Na Nguma kusafisha saa nne ni mimi niliyemwomba, kwa sababu ya chafya. Uliponiuliza, nilikupa nusu ya jibu."

Bwana Stambuli alimgeukia Dishon. "Ni kweli hii?"

"Ni kweli, lakini afadhali uione mwenyewe," alisema Dishon.

Wakapiga simu ofisi zote nne: kengele ikilia, kila mtu aanze kazi kwa pamoja. Kengele ikalia. Bi Kulthum alisimama mikono nyuma, akaitazama mashine yake ikijaa, ikijaa, taa zikikimbizana, hadi skrini zikaganda mbele ya macho ya meneja. Haijatokea mtu kungoja kwa hamu kitu kimwaibishe kama alivyongoja yeye.

Wakaiamsha. Safari hii Bi Kulthum alikaa kwenye kiti chake kifupi, akafuta amri moja baada ya nyingine: ya meli, ya bohari, ya mishahara. Ya malori alisita kidogo, kwa ajili ya yule mke aliyejifungua, kisha akaifuta. Halafu Dishon akamwonyesha jinsi ya kuitengea mashine kubwa megabaiti zake mbili, kwanza kabisa, kabla ya mtu yeyote hajabisha hodi.

Kengele ikalia tena. Ofisi nne zikaingia kwa pamoja. Taa zikakimbizana. Mtu wa bohari akapiga simu kulalamika kwamba ni nzito kidogo.

"Nzito ndiyo," alimjibu Bi Kulthum. "Ngoja zamu yako, mwanangu." Akaweka simu chini. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kukataa. Kesho yake alimpelekea mtu huyo mahamri sita.

Dakika kumi, robo saa, nusu saa. Mashine haikuanguka.

Bwana Stambuli aliitazama ile barua mkononi. "Bi Kulthum," alisema mwishowe, "miaka yote hii naogopa moto, naogopa wezi, naogopa panya. Sikujua kumbe ni ukarimu." Akaichana ile barua. Akaandikisha nyingine, ya onyo, yenye jina la Kulthum binti Faki, na kwamba kuanzia leo maombi yote yaje kwa maandishi. Ilikuwa na makosa mawili ya chapa. Kwa hali aliyokuwamo, Bi Kulthum aliona ayanyamazie.

"Na ya kumrudisha Nguma nipe niipeleke mimi," alisema.

Magharibi ilikuwa inakaribia alipofika Chaani. Alipitia nyumbani kwanza, akachemsha mbaazi za nazi, na kwa kuwa hakutaka kuahirisha jambo kwa sababu ya sufuria, alizipika na kuzibeba ndani ya lile lile kopo.

Nguma alikuwa uani, amepanda juu ya paa la choo anafunga makuti. Mkewe, Mapenzi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, alikuwa anachambua mchicha. Bi Kulthum aliona kibao cha kukalia alichokalia Mapenzi. Miguu yake minne, myembamba, iliyopigwa msasa, ilikuwa vile vipande vilivyokatwa kwenye kiti chake cha kazini.

"Karibu, Bibi," alisema Nguma. Akateremka, akanawa mikono, ndipo akaipokea barua. Aliisoma mara mbili: arudi kazini Jumatatu.

"Ni mimi, Nguma," alisema Bi Kulthum. "Mashine niliiangusha mimi, na jina nikalitaja lako. Leo nimesema mbele ya Bwana Stambuli. Nimekuja unipe radhi."

Nguma aliikunja barua mara nne. "Mimi nilijua si mimi," alisema. "Lakini usiku nilikuwa nalala nahesabu: siku ile nilipiga ndoo mguu? Siku ile waya ulinaswa? Mtu akiambiwa sana, anaanza kujitafuta."

Bi Kulthum akainamisha kichwa. Hilo hakulifikiria, kwamba alikuwa amemwibia mtu usingizi.

"Sasa iliharibikaje hasa?" aliuliza Nguma.

Akamsimulia. Alipofika kwa Mwanarehema na sufuria tupu, Mapenzi aliacha kuchambua mchicha. Alipofika kwa "hakuna aliyekuja kuiombea," Nguma alikaa chini, akafunika uso, akacheka kwa sauti ambayo Bi Kulthum hakuwahi kuisikia miaka yote ya chumba kile cha baridi.

"Bibi," alisema, "Jumatatu nitasafisha saa ngapi?"

"Asubuhi. Nitapiga chafya, nimezoea."

"Basi nitanyunyiza maji kidogo kwanza, vumbi lilale."

Mapenzi alikuwa amekwisha kuzionja mbaazi kwa ncha ya kidole. Bi Kulthum alipoinuka kuaga, alinyoosha mkono apewe kopo lake. Mapenzi alilichukua, akalitia ndani, akatoka mikono mitupu.

"Chombo hakirudi kitupu, Bibi, na leo sina cha kutia."

"Mwanangu, hicho ndicho nilichobakiwa nacho! Kesho mume wangu atakunywa chai ya chombo gani?"

"Si umesema jirani ana tatu tupu?" alisema Mapenzi, na Nguma akaanza kucheka upya. Mapenzi akamshika Bi Kulthum mkono, akamsindikiza hadi njiani, bila kuuachia.

"Jumapili nitasonga sima, na mchicha huu nitautia nazi. Kopo ulifuate, Bibi. Usimtume mtu. Njoo mwenyewe, na usije na radhi tena, njoo ukae tu."